Kisangani: Mkanda mweusi wa Maître, nani aliyeutoa?

Jioni inapoanza kuingia Kisangani, jua limepungua nguvu na waendesha toleka wanatafuta abiria wa mwisho, utaona watoto wakipita barabarani na kimono begani, zimekunjwa na kufungwa kwa mkanda. Wanakwenda dojo. Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo: hakuna haja ya kutafuta sana. Mahali pengine ni ukumbi wa parokia, pengine ni darasa la shule ambamo madawati yamesukumwa ukutani. Pengine ni kiwanja nyuma ya nyumba ya mtu. Unga wa mbao umemwagwa chini, bashi imetandikwa juu yake na kukazwa pembeni, na hiyo ndiyo tatami.

Ukiingia, wa kwanza kuonyeshwa ni mwalimu, ambaye kila mtu humwita Maître. Kisha utaona karatasi ukutani. Mara nyingi iko ndani ya fremu ya kioo, ina herufi za Kijapani, jina la Maître, namba ya dani yake na muhuri mmoja au miwili. Wazazi huitazama kwa heshima, kama wanavyotazama diploma ya daktari. Wachache huisoma mpaka chini, pale palipoandikwa ni nani aliyeitoa.

Mimi pia nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilianza karate hapa Kisangani mapema miaka ya 2000, wakati mji ulikuwa bado unahesabu nyumba zilizobomolewa na vita vya siku sita vya Juni 2000, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya wakaaji. Nilipita mkanda wa manjano, wa machungwa, mpaka wa kijani. Kila mtihani ulikuwa na bei yake, na mama aliuza kwanga zaidi wiki hizo ili mimi nisibaki nyuma ya wenzangu. Vyeti vyangu vitatu nilivihifadhi ndani ya plastiki kama hati ya kiwanja.

Nilipokwenda kusoma chuo katika mji mwingine, nikavipeleka kwenye klabu ya huko. Maître wa pale alivitazama bila haraka, akageuza kimoja upande wa nyuma, akaniuliza klabu yetu ilikuwa chini ya ligi gani. Sikujua. Akauliza kama nilikuwa na leseni. Sikuwahi kusikia neno hilo. Hakunicheka, lakini siku iliyofuata nilisimama mwisho wa mstari, na mkanda mweupe, pamoja na watoto wa miaka minane.

Ni lazima niseme wazi: aliyenifundisha Kisangani hakuwa mwongo. Kazi aliijua, na mguu wangu wa kushoto bado unakumbuka mafundisho yake. Kitu kilichokosekana ni mtu wa juu yake, mtu ambaye angeweza kuandikiwa barua, akafungua daftari na kusema: ndiyo, huyu kijana namfahamu.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza swali hili kila ninapoingia dojo, na nimegundua kwamba sisi wazazi na wanafunzi tunachanganya karatasi tatu ambazo hazifanani.

Kuna dani, yaani daraja la mtu mwenyewe katika sanaa yake. Dani inasema kwamba siku fulani, mbele ya watu fulani, huyu alionyesha kwamba anajua kurusha, kupiga, kuanguka, kujilinda. Haisemi kwamba anajua kufundisha mtoto wa miaka saba. Kufundisha kuna karatasi yake, ambayo huku kwetu, kwa urithi wa Kifaransa, huitwa brevet au diploma ya moniteur au ya entraîneur. Hapo mtu anapaswa kuwa amejifunza jinsi mwili wa mtoto unavyokua, namna ya kupasha moto misuli, la kufanya mtu akizimia baada ya kukabwa shingo, na wakati gani wa kusimamisha pambano. Karatasi ya tatu si ya mtu kabisa, ni ya klabu: affiliation, yaani kujiunga. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba klabu ina mzazi.

Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine mbili. Nimeona bingwa wa zamani, dani tatu, ambaye hajawahi kukaa hata siku moja katika mafunzo ya ualimu. Na nimeona klabu iliyojiunga vizuri, ada imelipwa, huku anayesimama mbele ya watoto kila jioni ni kijana wa mkanda wa kahawia kwa sababu Maître ana kazi nyingine.

Kwenye karatasi, mpango wa RDC unaeleweka. Klabu inajiunga na antante ya mji, antante iko chini ya ligi ya jimbo, ligi iko chini ya shirikisho la taifa huko Kinshasa, na shirikisho linafungamana na lile la Afrika na la dunia. Kwa judo, la dunia ni IJF, lililoanzishwa mwaka 1951. Kwa karate ni WKF, ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelitambua tangu 1999. Sheria namba 11/023 ya tarehe 24 Desemba 2011 ndiyo iliyoweka kanuni za msingi za kupanga na kuendeleza michezo nchini. Klabu au chama kinachotaka kuwa na jina mbele ya serikali hupita pia kwenye sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya vyama visivyotafuta faida, tunayoijua kama sheria ya ASBL.

Kisha kuna mto. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa maji, na kwa barabara afadhali tusizungumze. Jopo la kutoa dani likitoka Kinshasa, mtu lazima alipe ndege, chumba na chakula chake. Maître wa hapa akitaka kwenda mwenyewe, ni yeye na mfuko wake. Gharama hiyo hugawanywa kwa watahiniwa, na watahiniwa ni watoto wa wauza kwanga, wa madereva wa pikipiki, wa walimu wa shule wanaosubiri mshahara. Mzazi anayelalamika kwamba mtihani wa mkanda ni ghali mara nyingi analipa tiketi ya mtu, hata kama hakuna aliyemweleza hivyo.

Ndiyo sababu njia ya mkato inavutia. Duniani hakuna sheria inayomkataza mtu kuunda chama cha karate na kukiita cha kimataifa. Viko vingi. Vingine vina walimu wa kweli na historia ya kweli, vingine ni mtu mmoja, kompyuta moja na mashine ya kuchapisha. Unajaza fomu, unatuma pesa, cheti kinakuja na joka la dhahabu pembeni. Mimi siwezi kumhukumu kwa haraka Maître wa Lubunga au Mangobo anayefanya hivyo baada ya kungoja miaka sita jopo ambalo halikuja. Lakini mwanafunzi wake, siku atakapotaka kushindana jina likiwa limeandikwa rasmi, atakuta mlango umefungwa, kama mimi nilivyoukuta.

Tena, hata njia kuu ina mashimo. Wakongomani tunajua namna kamati mbili zinavyoweza kudai shirikisho moja, kila moja na muhuri wake. Hata soka halikupona: mwaka 2023 FIFA iliweka kamati ya normalisation kusimamia FECOFA. Kama soka, lenye macho ya nchi nzima, linafika hapo, fikiria michezo ambayo hakuna redio inayoitangaza. Klabu ya jimbo inalipa ada yake kwa kamati hii, mwaka unaofuata inaambiwa kamati halali ni ile nyingine.

Swali hili la nani ana haki ya kufundisha mapigano lina umri mkubwa kuliko judo. Wazungu wenyewe waligombana nalo kwa panga mkononi. Mwaka 1487, Kaisari Frederick III wa Ujerumani aliwapa chama cha wapiga upanga, ndugu wa Mtakatifu Marko, haki ya pekee ya kumpa mtu jina la mwalimu wa upanga mrefu. Aliyelitaka alikwenda Frankfurt wakati wa soko kubwa la mwaka na kupigana na walimu waliotangulia, hadharani. London, katika karne ya 16, kulikuwa na ngazi tatu kabla mtu hajaitwa mwalimu, na mtihani ulifanyika kwenye viwanja vya hoteli na majumba ya michezo ya kuigiza, watu wa mji wakitazama. Hata Ubelgiji, ambayo sisi tunaijua kwa mambo mengine, ina chama cha upanga cha Mtakatifu Mikaeli mjini Gent kilichopewa hati yake mwaka 1613, na wanachama wake wanafanya mazoezi mpaka leo.

Kinachonivutia katika habari hizo si panga. Ni lile neno hadharani. Kijana alipigana mbele ya walimu na mbele ya jirani zake, na kila mtu aliona kama anajua au hajui. Cheti kilikuja baadaye, kuthibitisha kitu ambacho mji ulikwisha kushuhudia.

Upanga wa namna hiyo ulikufa polepole, na tangu miaka ya 1990 hivi kuna klabu Ulaya na Amerika zinazojaribu kuufufua kwa kusoma vitabu vya kale. Kitabu kikongwe zaidi kinachojulikana kiliandikwa Ujerumani karibu na mwanzo wa karne ya 14, na leo kinahifadhiwa Leeds, Uingereza. Watu hao wana shida ambayo Maître wetu wa Kisangani angeielewa mara moja: mnyororo umekatika. Hakuna aliye hai aliyefundishwa na mtu wa mnyororo ule. Basi nani ampe nani cheti? Shule nyingine zinaungana na kutambuana kati yao. Walimu wengine wanakwenda kuchukua diploma ya escrime ya sasa, kwa mfano Napoli, ambako Accademia Nazionale di Scherma, iliyoanzishwa mwaka 1861, bado inatoa diploma ya maestro. Wengine wanakataa kabisa kuitwa Maître, wanasema wao ni wanafunzi waliotangulia kidogo. Kwa Afrika, wanaotaka ualimu wa escrime ya Olimpiki wamekuwa wakipelekwa Dakar, Senegal, ambako kuna shule ya kimataifa ya kuwafunza.

Judo ilichukua njia nyingine, na ni hiyo tuliyorithi. Jigoro Kano alifungua Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882 na wanafunzi wachache, na mwaka uliofuata akatoa dani ya kwanza kwa wawili kati yao, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita. Kano alikuwa mtu wa shule, mwalimu wa kazi, na ngazi zake zilifanana na madarasa. Rangi nyingi za mikanda tunazozijua zilipata umaarufu Ulaya, hasa Paris, ambako Mikonosuke Kawaishi alifundisha kuanzia miaka ya 1930. Mzungu hakuwa na uvumilivu wa kukaa na mkanda mweupe miaka mitatu, alitaka kuona anasonga. Sisi pia, tuseme ukweli.

Wafaransa ndio waliokwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya tarehe 28 Novemba 1955, serikali yao ilisimamia kazi ya mwalimu wa judo na jiu-jitsu pamoja na ufunguzi wa kumbi za kufundishia, mtu asifungue tu mlango na kuanza kupokea pesa. Leo kitabu chao cha sheria za michezo kinakataza mtu kujitangaza ana dani ikiwa haikutolewa na tume maalumu inayotambuliwa. Kwetu, mtu anayevaa mkanda mweusi wa kununua sokoni hahatarishi kitu, ila aibu.

Lakini tusifanye karatasi kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kuna habari moja inayotugusa sisi wa Kisangani na ndugu zetu wa Bukavu, na kila ninapoikumbuka nashindwa kusema kwamba cheti kinatosha.

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Kufuatana na UNHCR, alikuwa na miaka 9 alipokimbia mapigano hapa Kisangani. Alitengana na jamaa yake, akaokolewa baada ya siku 8 msituni na kupelekwa Kinshasa. Katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita ndipo alipojifunza judo. Yolande Bukasa Mabika, wa Bukavu pia, alitengana na wazazi wake akiwa mtoto na akapita njia hiyohiyo, kituo cha watoto na judo. Wote wawili walifika timu ya taifa. Yaani mikanda yao ilikuwa halali na leseni zao zilikuwa sawa. Waliowafundisha hawakuwa wa kiwanja cha nyuma ya nyumba.

Misenga amesimulia kwamba kila aliposhindwa mashindano, kocha alimfungia ndani ya kizimba siku kadhaa na kumpa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro, Brazili, kwenye mashindano ya dunia ya judo. Walieleza kwamba huko walinyimwa chakula, na Mabika alisema kocha alishikilia pesa na pasipoti zao. Wakatoka, wakaomba ukimbizi, wakaishi kwa kubahatisha katika mitaa ya maskini ya Rio mpaka walipopata ukumbi wa kufanyia mazoezi na kocha Mbrazili, Geraldo Bernardes. Mwezi Agosti 2016 walisimama kwenye tatami ya Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi, iliyokuwa na wanariadha 10. Mabika alishindwa pambano lake. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India kabla ya kuanguka mbele ya Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

Nikiwaza juu ya kizimba kile, nauliza: mtoto wa kituo, asiye na mama wala baba karibu, angemwendea nani? Ngazi zote zilikuwepo, antante, ligi, shirikisho. Zilikuwa zinapeleka majina na pesa kwenda juu. Hakuna aliyemwonyesha mtoto mahali pa kupeleka malalamiko. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya klabu kujiunga, kabla ya mikanda na medali: pawepo mlango mwingine wa kugonga ikiwa Maître ndiye tatizo. Klabu isiyojiunga popote haina mlango huo. Klabu iliyojiunga lakini hakuna mzazi hata mmoja anayejua jina au simu ya mtu wa ligi, nayo haina.

Mambo ya kuuliza si mengi na hayahitaji elimu ya chuo. Ni nani aliyesaini cheti cha Maître, na mtu huyo yuko wapi leo? Klabu imelipa kwa antante mwaka huu, au risiti ni ya mwaka 2017? Mtoto wangu atapata leseni yenye jina lake, au ni jina la klabu tu? Pesa za mtihani zinagawanywa namna gani? Mtoto akivunjika mkono, nani anampeleka hospitali na kwa pesa za nani? Na Maître asipokuwepo, nani anabaki na watoto? Ukumbi ambao mlango na madirisha hufungwa wakati wa mazoezi, wazazi wakiambiwa wangoje nje, mimi naondoka na mtoto wangu bila kusoma karatasi ya ukutani.

Maître mwema hakasirikii maswali haya. Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye klabu moja ya tarafa yetu, nikayauliza moja baada ya jingine, na watu wa pale walianza kunitazama kama mtu wa DGI. Maître akaketi kwenye benchi, akajibu. Dani yake ni moja tu, iliyotolewa na jopo ambalo aliweza kunitajia mmoja mmoja. Brevet hana, alikwenda siku kumi za mafunzo miaka iliyopita na akapewa cheti cha kuhudhuria, ambacho hakukiweka ukutani kwa sababu, alivyoeleza, si brevet. Ada ya mwaka huu klabu haijamaliza kulipa, imelipa nusu, risiti hii hapa. Kisha akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu: majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, simu za wazazi, na upande wa kulia, kwa kalamu nyekundu, nani aliumia lini na wapi.

Niliandika jina la mtoto kwenye mstari wa 34. Yeye alikwisha vua viatu, alikuwa upande wa pili wa bashi akijifunza kuanguka kwa mgongo bila kugonga kichwa.